Lita Kumi za Mashine: Kompyuta ya Gemu Ndani ya Kasha Dogo

Kasha la kompyuta yangu ya zamani lilikuwa na kimo cha milimita 500, upana wa milimita 230 na kina cha milimita 480. Ukizidisha tarakimu hizo unapata lita 55 na ushei. Siku moja nililifungua kulipangusa vumbi, na kwa kuwa rula ilikuwa karibu, nikaanza kupima vitu vilivyokaa ndani yake, si kwa kazi maalumu bali kwa udadisi tu. Pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme, ilichukua kama lita 1.8. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ilizidi lita moja kidogo. Madabodi, ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, ukiijumlisha na viunganishi vinavyochomoza juu yake, lita mbili na kidogo. Kipoza cha mnara cha prosesa, chipu inayofanya hesabu za kompyuta, karibu lita mbili. Feni tatu pamoja, lita moja. Jumla yote haikufika lita tisa. Kwa miaka kadhaa, basi, nilikuwa nimetenga nafasi chini ya meza kwa ajili ya lita 46 za hewa.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza kompyuta ndogo, na hapo pia ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza, maana niliichukulia hewa ile kuwa ni nafasi iliyopotea. Haikuwa imepotea. Ilikuwa ikifanya kazi kimyakimya: ikipokea joto lililozidi, ikinisamehe waya nilizozitupa ovyo nyuma ya madabodi, ikiruhusu kadi yoyote na kipoza chochote kuingia bila mimi kuuliza urefu wake. Ukiiondoa hewa hiyo, kazi yake haiondoki nayo. Inakurudia wewe mwenyewe, tena kabla hata hujanunua skrubu ya kwanza.

Wanaopenda mashine hizi hupima makasha kwa lita, kama watu wanaonunua mafuta, na wengi wao hawakubali kuliita kasha dogo iwapo linavuka lita 20. NR200 ya Cooler Master, iliyotoka mwaka 2020, ina lita 18.25 na huhesabiwa kuwa pana, mahali pazuri pa mtu kuanzia. Terra ya Fractal Design ina lita 10.4. DAN A4-SFX, kasha lililowafanya wengi waamini kwamba kadi kubwa ya grafiki inaweza kukaa ndani ya kitu cha ukubwa wa boksi la viatu, lina lita 7.2, na lilizaliwa kwa michango ya wanunuzi walioliamini kabla halijatengenezwa. Kila lita inayopunguzwa ina gharama yake, na gharama hiyo haipandi kwa mstari ulionyooka: kutoka lita 55 hadi 20 hutaona tofauti kubwa, kutoka 20 hadi 10 utaanza kuhesabu milimita, na chini ya hapo utahesabu hadi unene wa lebo iliyobandikwa kwenye waya.

Mimi nilichagua lita kumi. Kasha lenyewe nililipata likiwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine, la muundo unaofanana na mkate uliokatwa katikati: upande mmoja inakaa madabodi na pawasaplai, upande wa pili inakaa kadi ya grafiki ikiwa imegeuziwa mgongo wenzake, na katikati yao limesimama bamba la chuma. Kadi haichomekwi moja kwa moja kwenye madabodi. Huunganishwa kwa kebo bapa inayopinda chini ya bamba hilo, ambayo mafundi huiita raiza. Muundo huu una akili nyingi. Kila kiungo chenye joto kinapata ukuta wake wenye matundu, na kila kimoja kinavuta hewa ya nje bila kunyang'anyana na mwenzake. Udhaifu wake mkubwa ni raiza, nami nitaisimulia mbele, maana ilinilaza macho.

Msingi wa yote ni madabodi ya Mini-ITX, mraba wa milimita 170 kwa 170. Kampuni ya VIA ilipoitangaza mwaka 2001 haikuwa ikifikiria gemu nzito. Ilikusudiwa mashine za umeme mdogo, zile zinazokaa nyuma ya kioo cha matangazo au ndani ya kifaa cha ofisini. Ukiilinganisha na ATX, kipimo cha madabodi za kawaida, yenye milimita 305 kwa 244, eneo lake halifiki hata asilimia 40. Ili kufika hapo wahandisi wamekata: nafasi za rami, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni mbili badala ya nne, na nafasi ya kuchomeka kadi ni moja tu. Kwa mchezaji gemu hasara hiyo ni ndogo kuliko inavyosikika. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilichomeka kadi ya pili ya aina yoyote. Kinachouma ni kwamba vitu vyote vimesongamana, kiasi kwamba plagi ya umeme wa prosesa inakaa kwenye kona ambayo kidole hakifiki mara tu kipoza kinapofungwa, na diski ya pili ya SSD inajificha mgongoni mwa madabodi, mahali ambapo hewa haipiti kabisa.

Pawasaplai ya ATX nayo haikuingia. Badala yake kuna kipimo cha SFX, milimita 125 kwa 63.5 kwa 100, ambacho ujazo wake ni lita 0.8 tu. Yaani kwa kubadilisha kifaa kimoja umeokoa lita nzima, na katika kasha la lita kumi hiyo ni sehemu ya kumi ya nyumba. Nilichukua ya wati 750, ingawa mashine yangu haikaribii nusu yake katika matumizi ya kawaida. Pawasaplai isiyokamuliwa hutoa joto kidogo, na yangu huzima kabisa feni yake mzigo ukiwa mdogo. Katika kasha ambalo sikio lako liko nusu mita kutoka kwenye feni, jambo hilo lina thamani kuliko taa zote za rangi.

Baada ya hapo nilitakiwa kuchagua kadi na prosesa, na ndipo mashine hizi zinapoachana kabisa na mashine kubwa. Kwenye kasha kubwa unauliza kwanza kadi ipi ina nguvu, kisha unatafuta namna ya kuipoza. Kwenye kasha dogo unaanza na joto: ni wati ngapi ninaweza kuzitoa humu ndani bila kelele? Kisha unatafuta kadi bora kuliko zote zinazoishi ndani ya idadi hiyo. Wati moja ya umeme inayoingia kwenye prosesa au kadi inatoka ikiwa wati moja ya joto, haina pengine pa kwenda. Ukishalikubali hilo, orodha ndefu ya vifaa inafupika yenyewe.

Nilichagua kadi ya grafiki ya RTX 4070, ambayo imewekewa kikomo cha wati 200, toleo la feni mbili lenye urefu wa milimita 240 hivi na unene wa nafasi mbili za kuchomekea kadi. Sikuchagua toleo lolote tu. Kadi nyingi za kizazi hicho zinatumia plagi mpya ya pini 16, ile ambayo mwishoni mwa mwaka 2022 ilianza kuripotiwa kuyeyuka kwenye baadhi ya kadi za RTX 4090. Ushauri ulioenea tangu hapo ni kwamba waya wake usipindwe ndani ya milimita 35 za kwanza kutoka kwenye plagi. Nilipopima, kati ya plagi na paneli ya kasha langu palikuwa na milimita 28. Kwa bahati nzuri baadhi ya matoleo ya 4070 yalibaki na plagi ya zamani ya pini nane, ambayo inabeba wati 150, na nafasi ya PCIe, tundu la madabodi ambamo kadi huchomekwa, yenyewe inaongeza wati 75, hivyo wati 225 zinapatikana bila ya kupinda kitu kinachochukia kupindwa.

Kwa prosesa nilichukua Ryzen 7 7800X3D ya AMD. Kwenye karatasi imeandikwa wati 120, na mtu anaweza kuuliza vipi nimeipeleka kwenye kasha ambalo kipoza chake hakiwezi kuzidi kimo cha milimita 48. Jibu ni kwamba katika gemu haifiki huko. Nguvu yake inatoka kwenye hifadhi ya haraka ya megabaiti 96, ambazo 64 kati yake zimebebeshwa juu ya chipu, na kwa kuwa data nyingi ipo karibu, viini vyake vinane, yaani sehemu zinazofanya hesabu, havihitaji kukimbizwa kwa volti kubwa. Kwenye mashine yangu inacheza kati ya wati 45 na 70. Ubaya ni kwamba tabaka hilo la juu limekaa kama blanketi, joto linachelewa kutoka, na kwa hiyo hata kwa wati chache nyuzi za joto zinapanda upesi. AMD walilirekebisha hilo kwenye 9800X3D ya mwaka 2024 kwa kuipeleka hifadhi chini ya viini, lakini wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kufunga skrubu zangu.

Kipoza nilichopata kina kimo cha milimita 47, feni ikiwa juu yake. Nafasi yangu ilikuwa 48. Nilipima mara tatu, nikaandika kwenye karatasi, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Nilichosahau ni rami. Nilikuwa nimezichukua kutoka kwenye mashine ya zamani ya rafiki, zile zenye kofia za aluminiamu na taa juu, na kofia hizo zilisimama milimita kumi na zaidi juu ya rami za kawaida. Fremu ya feni iligota kwenye kofia ya rami ya kwanza na kukataa kushuka. Nilijaribu kuigeuza feni, nikajaribu kuisogeza kipoza upande, na kwa muda wa dakika tano za aibu nilifikiria hata kuitia tupa kofia ya rami. Kisha nikakaa chini nikakubali yaishe. Rami fupi, zisizo na pambo lolote, ndizo zilizoingia.

Siku ya kuunganisha nilianza saa tatu asubuhi nikidhani nitamaliza kabla ya saa sita. Mashine kubwa nazijenga kwa saa moja na nusu. Hii ilinichukua hadi magharibi.

Tatizo halikuwa ugumu, lilikuwa mpangilio. Katika kasha kubwa unaweza kuunganisha chochote wakati wowote. Hapa kila kitu kinafunga mlango wa kingine. Plagi ya umeme wa prosesa lazima ichomekwe kabla madabodi haijaingia, nayo haiwezi kuchomekwa kabla ya kujua waya wake utapita juu au chini ya pawasaplai, nayo pawasaplai haiwezi kukaa kabla ya waya mkubwa wa pini 24 haujakunjwa, kwa sababu ukiwekwa baadaye haukunjiki tena. Mara mbili nilifika mwisho nikagundua kwamba waya mwembamba wa kitufe cha kuwashia ulikuwa bado unaning'inia nje, na mara mbili nilitoa vyote. Wahenga wanasema kidole kimoja hakivunji chawa; nami humo ndani nilikuwa nimebakiwa na kidole kimoja tu, kingine kikishikilia waya usirudi. Kibano kirefu, kile chembamba cha kushikia vitu vidogo, kiliniokoa kuliko bisibisi.

Waya ndizo zinazokula nafasi kuliko kifaa chochote, na hakuna anayekuambia hivyo unapotazama picha za mashine zilizokamilika. Pawasaplai yangu ilikuja na waya zilizofikiriwa kwa ajili ya kasha la kawaida, nene na ngumu kama kamba ya kuteka maji. Nilipozilundika zote mbele ya pawasaplai na kujaribu kufunga paneli, paneli ilifura katikati kama tumbo. Ilifunga, ndiyo, lakini kwa kulazimisha, na chini ya shinikizo hilo waya mmoja ulikuwa ukigusa ukingo wa feni ya kipoza. Nilipowasha, ikasikika kama nzi amenaswa kwenye karatasi. Nilizima. Wiki mbili baadaye nilikuwa na seti ya waya fupi zilizokatwa kwa vipimo vya kasha langu: sentimita 20 kwa madabodi, sentimita 35 kwa kadi. Niliponunua niliona ni anasa. Zilipoingia, paneli ilikaa sawa bila kuguswa, na palipokuwa na lundo pakawa na uchochoro wa hewa.

Onyo moja hapa, kwa sababu kosa lake linaunguza: plagi za upande wa pawasaplai hazina mpangilio mmoja kwa watengenezaji wote. Waya wa pawasaplai moja unaweza kuingia vizuri kabisa kwenye pawasaplai nyingine huku pini zake zikipeleka volti 12 mahali ambapo zingepaswa kuwa tano. Usiazime waya kwa kuwa tu zimefanana sura.

Sasa raiza. Kasha lilipokuja kwangu lilikuwa na raiza ya aliyelimiliki kabla, iliyotengenezwa kwa kizazi cha tatu cha PCIe. Kadi yangu na madabodi yangu ni za kizazi cha nne. Vizazi hivi vinaelewana. Kadi mpya kwenye nafasi ya zamani inajishusha, na ya zamani kwenye mpya pia inafanya kazi. Lakini kebo haina akili ya kujitambulisha. Kadi na madabodi zinasalimiana, kila moja inamwona mwenzake ni wa kizazi cha nne, zinakubaliana kuzungumza kwa kasi ya uhamisho bilioni 16 kwa sekunde katika kila njia, na hakuna anayejua kwamba barabara iliyo kati yao ilijengwa kwa kasi ya bilioni nane.

Matokeo yake hayakuwa ya wazi. Laiti isingewaka kabisa ningejua. Iliwaka, ikaonyesha picha, ikaingia kwenye mfumo, nikaweka gemu, nikacheza dakika kumi na mbili, kisha skrini ikawa nyeusi huku sauti ikiendelea. Nikaiwasha tena, ikadumu dakika arobaini. Siku iliyofuata haikuonyesha picha kabisa. Nilishuku kadi. Nilishuku pawasaplai. Nilibadilisha viendeshi, yaani programu zinazoiendesha kadi, mara tatu. Mwishowe niliitoa madabodi nje, nikaiweka juu ya boksi lake, nikachomeka kadi moja kwa moja bila raiza, nikacheza usiku mzima bila tatizo. Hapo mhalifu akajulikana.

Dawa yake ni mpangilio mmoja kwenye BIOS, menyu ya madabodi inayofunguliwa kabla ya mfumo kuanza: badala ya kuiachia nafasi ya PCIe ijichagulie kizazi, unaiamuru ikae kizazi cha tatu. Swali ni utafikaje kwenye BIOS wakati kadi haionyeshi picha. Prosesa nyingi za Ryzen 7000, yangu ikiwemo, zina sehemu ndogo ya grafiki ndani yake, dhaifu lakini inatosha kuonyesha menyu, kwa hiyo nilihamisha waya wa skrini kutoka kwenye kadi hadi kwenye tundu la madabodi, nikaingia, nikabadilisha, nikahifadhi, nikarudisha waya. Tangu siku hiyo haijazima hata mara moja. Nilidhani nitapoteza kasi, maana upana wa njia ulipungua kutoka gigabaiti 32 hivi kwa sekunde hadi 16. Nilipopima kwenye gemu tano ninazocheza, tofauti ilikuwa fremu, yaani picha, moja au mbili kwa sekunde, na katika mbili kati ya hizo sikuiona kabisa. Raiza ya kizazi cha nne niliiweka kwenye orodha ya manunuzi, kisha nikaifuta.

Mashine ikatulia, lakini ilikuwa na joto, na ilipokuwa na joto ilikuwa na kelele. Baada ya nusu saa ya gemu nzito kadi ilifika nyuzi 81 za Selsiasi, prosesa 86, ambayo ni nyuzi tatu tu chini ya kikomo chake cha 89, na feni zilipiga mluzi ambao ulisikika hadi chumba cha pili. Jambo la kwanza linalomjia mtu kichwani ni kuongeza feni. Hapakuwa na mahali pa kuongeza feni.

Kilichosaidia ni kupunguza. Chipu yoyote inatoka kiwandani ikiwa imepewa volti zaidi ya inazohitaji, kwa sababu mtengenezaji lazima ahakikishe kwamba hata chipu dhaifu kuliko zote katika kundi lile itasimama. Yako huenda si dhaifu. Na umeme unaoliwa na chipu unapanda kwa mraba wa volti, hivyo ukipunguza volti kwa sehemu ya kumi, mahitaji yanashuka kwa karibu sehemu ya tano, hata kama kasi haijaguswa. Kwa kutumia programu ya MSI Afterburner nilifungua mchoro unaoonyesha volti na masafa, yaani kasi, ya kadi, nikaivuta nukta ya milivolti 950 hadi megahezi 2,610, na kila kilichokuwa kulia kwake nikakilaza kiwe bapa. Kabla ya hapo kadi ilikuwa ikipanda hadi karibu milivolti 1,100 ili kufika megahezi 2,760. Nilipoteza, basi, asilimia tano ya masafa, na kwenye gemu zenyewe asilimia tatu ya fremu. Lakini kadi iliyokuwa ikila wati 198 sasa inakula 154. Wati 44 hazizalishwi tena ndani ya lita kumi. Nyuzi zilishuka hadi 69, na feni, zilizokuwa zikizunguka mara 2,100 kwa dakika, zikatulia kwenye 1,400.

Kazi hii inataka subira. Nilianza na milivolti 900, nikacheza saa moja, nikafurahi, kesho yake gemu nyingine ikaanguka dakika ya pili. Gemu moja si kipimo. Nilipanda milivolti kumi kumi hadi nilipopata mahali ambapo gemu zote tano na jaribio la mzigo la saa nzima zilipita, kisha nikaongeza kumi nyingine za akiba. Kwenye prosesa nilifanya jambo kama hilo kupitia BIOS, nikipunguza volti za viini vyote kwa hatua 20, nayo ikashuka nyuzi saba.

Kilichobaki kilikuwa ni hewa inayojizungusha. Feni ya kipoza iko umbali wa milimita chache kutoka kwenye paneli yenye matundu, na mtu angedhani inavuta hewa ya nje. Niliweka karatasi nyembamba ya tishu nje ya paneli na haikushikwa. Nikaiweka pembeni mwa feni, ndani, ikanyonywa mara moja. Feni ilikuwa ikila hewa yake yenyewe, ile iliyokwisha kupashwa moto na mapezi ya kipoza, kwa sababu njia hiyo ilikuwa rahisi kuliko kupenya matundu. Nilikata pete ya sponji yenye unene wa milimita tano, nikaibandika kuizunguka feni ili paneli inapofungwa sponji ibane na kuziba pengo. Sponji hiyo, kipande kilichobaki kwenye boksi la kifaa kingine, ilishusha prosesa nyuzi sita. Hakuna kifaa nilichonunua kilichoshinda kipande hicho.

Kwa SSD iliyo mgongoni mwa madabodi nilitumia pedi ya joto yenye unene wa milimita tatu, nikaiweka kati yake na bamba la katikati, hivyo kwamba bamba lote la chuma likawa kipoza chake. Ilikuwa ikifika nyuzi 77 ninapohamisha mafaili makubwa. Sasa inaishia 58. Bamba lenyewe linakuwa na uvuguvugu ukiligusa.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisinunue tu mashine ya gemu ya sebuleni. Xbox Series X, iliyotoka Novemba 2020, ina vipimo vya milimita 301 kwa 151 kwa 151, yaani chini ya lita saba, pawasaplai ikiwa ndani na feni ikiwa moja tu. Ni kazi ya kuvutia na sina ubishi nayo. Lakini waliotengeneza ile walichora kila kitu kwa pamoja: madabodi ilikatwa vipande viwili, na kipoza kilipewa umbo la kasha. Sisi tunaokota viungo vilivyobuniwa na watu wasiojuana na kuviambia viishi chumba kimoja. Kwamba tunaweza kufikia lita kumi, na kesho tukabadilisha kadi bila kutupa vingine, kwangu mimi ni hoja ya kutosha.

Kubadilisha huko, hata hivyo, kuna mipaka. Kadi nyingi zinazotoka sasa zina unene wa nafasi tatu, na bamba langu la katikati, ambalo linaweza kusogezwa hatua chache upande huu au ule, likiipa kadi milimita kumi linakipokonya kipoza milimita hizo hizo. Nimekwisha kufanya hesabu: kadi ya nafasi mbili na nusu itaingia endapo kipoza kitashuka kutoka milimita 47 hadi 37. Vipoza vya kimo hicho vipo, Noctua wana kimoja, na kwa prosesa inayokula wati 60 huenda kikatosha. Huenda. Karatasi yenye hesabu hiyo nimeikunja nikaitia chini ya kasha, juu ya meza, ambako mashine yenyewe imekaa kando ya skrini ikichukua nafasi ya kamusi mbili zilizosimamishwa, na ambako usiku huu, nikiandika haya, feni zake zote zimesimama.